Mnyororo wa Mtu Mmoja

Juu ya lango la shule yetu pameandikwa kwa rangi ya buluu: HAPA HAKUNA MGENI. Nimepita chini ya maneno hayo miaka mingi mno, siku hizi siyasomi tena, nayaona tu. Mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wananiita Bi Rula, wakidhani sijui. Muhula huu ulikuwa wangu wa mwisho. Ukifungwa ningestaafu na kuhamia kwa mdogo wangu, ambaye mumewe ameondoa magunia kwenye chumba cha nyuma ili nipate pa kulala, na kila tukiongea kwa simu ananikumbusha kwamba ameyaondoa.

Muhula wenyewe ulianza vibaya. Mkuu wa shule aliniita ofisini akanivutia kiti. Huyu mama hamvutii mtu kiti bure.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mama yetu sote hapa."

Nikajua nakaribia kunyang'anywa kitu.

Alichokitaka ni nyumba yangu. Mwalimu wa Muziki, binti aliyeajiriwa mwaka jana, alikuwa akikaa kwenye kile kijumba cha chumba kimoja kilicho karibu na uzio. Kinanda kilikula nafasi yote, na kwaya ilifanyia mazoezi nje juani. Nyumba yangu ina sebule. Mimi naishi peke yangu, tena naondoka. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi, maana sikupata pa kubishia. Katika mkutano wa walimu Mkuu alitangaza kwamba nimejitolea, wakanipigia makofi. Nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Tulihamishana Jumamosi moja wanafunzi wote walipokuwa kwenye michezo katika shule ya jirani. Mapazia tuliyaacha pale pale, kwa sababu ya kwangu yalikuwa marefu kwa madirisha ya kijumba, na ya kwake yalikuwa mafupi kwa madirisha yangu. Ndivyo nilivyojikuta, katika umri huu, nalala nyuma ya mapazia ya maua ya waridi. Wanafunzi waliporudi hakuna aliyejua kitu, isipokuwa wanakwaya, maana wengine hawaruhusiwi kufika upande wa nyumba za walimu.

Wiki iliyofuata ikawa siku ya kushika majina.

Lazima nieleze, maana sijui shule nyingine yenye mambo haya. Mwanzoni mwa muhula kila mtu, kuanzia Mkuu mpaka mlinzi wa lango, anaandika jina lake kwenye kijikaratasi na kukitia katika kikapu cha sadaka. Kikapu kinazungushwa kanisani, kila mmoja anatoa kijikaratasi kimoja. Jina ulilolitoa ndilo umelishika. Kila asubuhi kuna saa ya kimya, na hapo unamwombea mwenye jina hilo. Unamtendea mema kwa siri pia: unampangusia viatu, unamfulia shuka, unamwachia chungwa kwenye dawati. Hatakiwi kujua ni nani mpaka Jumapili ya mwisho ya muhula.

Hiyo tunaiita Jumapili ya Mnyororo. Mkuu anasimama na kumtaja aliyemshika. Aliyetajwa anakuja mbele, anaushika mkono wake, naye anamtaja wa kwake. Mnyororo unakwenda hivyo hivyo mpaka unarudi kwa Mkuu. Mara nyingi unarudi mapema kabla watu hawajaisha, ndipo unaanzishwa mwingine, na mwishoni minyororo inaunganishwa iwe mmoja, kila mtu akiwa kati ya mtu aliyemshika na mtu aliyeshikwa naye. Jambo hili linachukua alasiri nzima. Chai inapoa. Kwa miaka mingi nililiona ni la kitoto, nikapokea sabuni zangu na kalamu zangu, nikashukuru, nikaenda kusahihisha madaftari.

Safari hii kikapu kilipofika kwenye benchi la walimu nilitoa kijikaratasi, nikakifungua, nikaona mwandiko wangu.

Kanuni ipo. Ukitoa jina lako unasimama, unalinyanyua juu, unasema, na Mchungaji wa shule anakubadilishia na jirani yako. Kanisa zima linacheka na kupiga makofi. Mwaka mmoja ilimpata mpishi, wakamshangilia mpaka akatokwa na machozi ya furaha. Mpishi ni mtu wa watu. Mimi wiki ile nilikuwa nimeshatolewa nyumbani kwangu kwa makofi, na sikutaka kupigiwa mengine. Nikakikunja, nikakitia kwenye mkoba. Nikajiambia kwamba huyu angalau namjua.

Hesabu yake haikunipa taabu. Jina langu nilikuwa nalo mimi, kwa hiyo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Muhula mzima hakuna mtu ambaye angeinamisha kichwa asubuhi kwa ajili yangu. Na siku ya mwisho, siku ambayo ningeagwa na kupewa saa ya ukutani wanayopewa wastaafu wote, mnyororo ungefungwa bila mimi. Kihesabu hata mtu mmoja ni mnyororo: anaanzia kwake na kuishia kwake. Kwenye ubao jambo hilo linapendeza sana.

Nilidhani sitajali. Siku chache tu nikaanza kujali. Asubuhi kwenye saa ya kimya nilikaa na jina langu mkononi nikashindwa hata kulianza. Nimewaombea vijana wa watu wafaulu mitihani mwaka baada ya mwaka. Nimeombea mguu wa mlinzi na mimba ya mke wa Mchungaji. Kujiombea mwenyewe sikujua nianzie wapi, maana sikujua nataka nini. Nikafumba macho nikasubiri kengele.

Na jioni katika kijumba kile nilisikia kwaya ikiimba sebuleni kwangu. Nasema sebuleni kwangu kwa sababu ndivyo nilivyosikia. Nilikuwa mpweke, basi. Sina neno jingine la kuliweka hapo.

Halafu Jumamosi moja nikafungua mlango alfajiri nikakuta ndoo yangu, niliyoiacha tupu kizingitini, imejaa maji mpaka kwenye ukingo.

Upande wetu wa walimu bomba hutoa maji likijisikia. Miezi ya kiangazi halijisikii kabisa, na kila tone linatoka kwenye tangi kule chini, nyuma ya mabweni, kisha linapandishwa mlima. Mimi na magoti yangu haya tulikuwa tumeanza kuoga kwa kikombe. Nilisimama nikaitazama ndoo ile. Jumamosi iliyofuata imejaa tena. Na ile iliyofuata.

Nilijua haiwezekani. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, nikaitoa mara mbili kuhakikisha. Lakini moyo haukufundishwa hesabu. Nilianza kufikiri labda mtu aliniandika mara ya pili, labda Mkuu ametumwa na dhamira, labda Mwenyezi Mungu ameamua kutumia ndoo. Nilioga maji yale kwa kujimwagia kwa raha zangu. Siku moja nilijikuta napiga mluzi darasani, kidato cha nne wakatazamana.

Jumamosi ya nne sikustahimili. Niliamka mapema nikajibanza nyuma ya mapazia ya waridi. Alikuja msichana wa kidato cha kwanza, yule anayeitwa Kengele kwa sababu ndiye anayepiga kengele ya kuamsha shule, na kwa hiyo ndiye pekee anayeweza kutoka bwenini kabla ya wengine bila kuulizwa. Namfundisha. Kwenye sehemu ni mzito wa kutupwa, theluthi na robo kwake ni kitu kile kile. Alipandisha mlima na ndoo kichwani, shingo imekakamaa, akaitua, akamimina kwenye yangu polepole ili isilie. Kisha akasimama mbele ya dirisha, akashusha pumzi, akaimba kwa sauti ya chini kabisa: do, re, mi, fa, so. Alipofika juu sauti ikapasuka. Akakunja uso, akachukua ndoo yake, akaondoka.

Hakuna mtu anayemwimbia mwalimu wa hesabu do re mi.

Nikakaa kitandani. Sasa nilikumbuka. Wiki ya kwanza ya muhula, kabla hatujahamishana, Kengele alikuja kwenye kijumba hiki kufanyiwa majaribio ya kwaya. Nilimwona akitoka akiwa ameinamisha kichwa. Sauti haijakomaa, aliambiwa, ajaribu mwakani. Kengele alimshika Mwalimu wa Muziki, na kwa anavyojua yeye, Mwalimu wa Muziki anaishi kwenye nyumba ya karibu na uzio, yenye mapazia ya maua. Nani angemwambia vinginevyo?

Nilipaswa kumwambia siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Jumamosi iliyofuata nilioga tena maji yale, nikijua ni ya nani, na hayakuwa na raha hata kidogo.

Jumatatu yake tulikuwa chumba cha walimu, mimi na Mwalimu wa Muziki peke yetu, yeye akichezea kifuniko cha chupa ya chai. Ni binti mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza mzaha. Siku hiyo hakuwa akicheka.

"Mama," akaniambia, maana ananiita hivyo, "wewe aliyekushika anakufanyia chochote?"

"Kwa nini unauliza?"

"Wangu kanisusa. Wiki zote hizi, hata pipi sijapata. Mwalimu wa Jiografia amefuliwa mpaka soksi." Akajaribu kucheka, haikutoka. "Unajua huku sina ndugu. Nikasema labda kuna mtu hapa, simjui, lakini ananikumbuka. Kumbe aliyeniokota hanipendi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa?"

Nikamwambia nina kipindi, nikatoka. Sikuwa na kipindi. Nilikwenda nikasimama nyuma ya maabara kama mwanafunzi mtoro. Nilijiona mwizi, mwizi wa ndoo ya maji, na aliyeibiwa ndiye aliyekuwa ameketi kwenye sebule yangu bila kujua kwamba anapendwa.

Ningeweza kumaliza yote kwa kumwambia Kengele sentensi moja. Mwanangu, unakosea mlango. Nilijiambia kwamba nikimwambia hivyo ataaibika, mtoto mgeni, ameshakataliwa kwenye kwaya, sasa aambiwe kwamba jasho lake lote limeishia kwa Bi Rula. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri.

Badala yake, Jumamosi iliyofuata nilisubiri. Nilisikia hatua zake zikipanda, nikasikia maji yakimiminwa, nikasikia ngazi ya sauti ikipanda na kupasuka juu pale pale. Alipoondoka nilitoka, nikainyanyua ndoo yangu kwa mikono miwili, nikapita kwenye upenyo wa ua wa miti na kwenda mpaka mlango wa nyuma wa nyumba yangu ya zamani. Najua pale pa kukanyaga. Nikaimimina kwenye ndoo ya Mwalimu wa Muziki, nikarudi nikiwa nimelowa sketi. Kisha nikajaza kikombe changu kwenye dumu na kuoga kama nilivyokuwa nikioga zamani.

Jumatatu alikuja chumba cha walimu akiruka. "Mama! Ameamka! Ndoo nzima!" Alinikumbatia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu.

Tuliendelea hivyo mpaka mwisho wa muhula. Mtoto ananiletea, mimi nampelekea jirani. Magoti yaliniuma mpaka Jumatano. Asubuhi kwenye saa ya kimya nikapata cha kuomba: niliomba shingo ya Kengele isiumie, na ile sauti ya juu iache kupasuka. Kwenye mtihani nilimpa alama alizostahili, nazo zilikuwa za kusikitisha. Mambo ya ndoo ni ya ndoo.

Jumapili ya Mnyororo ikafika. Kanisa limejaa, milango imefunguliwa kwa joto, saa ya ukutani imefungwa kwa karatasi ya kung'aa na kuwekwa mezani ambapo kila mtu anaona kwamba ni saa. Nilikaa mwisho wa benchi la walimu. Mkuu akasimama, akamtaja mvulana wa kidato cha pili, kanisa likapiga kelele, na mnyororo ukaanza kutembea. Mlinzi alimtaja dada mkuu. Mpishi alitajwa na mtoto mdogo kabisa shuleni, akambeba. Benchi langu lilipungua mmoja mmoja. Kila aliyetajwa aliponyanyuka, ubao wa benchi ulipanda kidogo chini yangu.

Ikafika zamu ya Kengele. "Mimi nilimshika Mwalimu wa Muziki," akasema huku akiangalia viatu vyake.

Mwalimu wa Muziki akaruka kutoka benchini. "Ni wewe! Maji yangu!" Akamkumbatia mpaka akamnyanyua. Akawageukia watu. "Jamani, huyu mtoto, kila Jumamosi, ndoo tele, mlango wa nyuma!"

"Mlango wa nyuma?" Kengele akauliza. "Mimi nilikuwa nakuwekea mlango wa mbele, Mwalimu. Pale penye mapazia ya maua."

"Mapazia ya maua si kwangu, mdogo wangu. Nilihama mwanzo wa muhula. Pale anakaa Mwalimu wa Hesabu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutojua kinachochekwa. Mchungaji akasema maji yamefika na hilo ndilo la muhimu, tuendelee. Mwalimu wa Muziki akamtaja wake, mnyororo ukaendelea. Lakini Kengele hakuwa akiusikiliza tena. Alikuwa akizungusha macho kanisa zima, benchi kwa benchi, mpaka akanifikia. Mimi nikapata shughuli ya ghafla ndani ya mkoba wangu.

Mwaka huu minyororo ilitoka miwili. Ilipofungwa yote, wakaachia mahali pamoja na kuunganisha, duara likajaa kuta nne za kanisa. Mabenchi yakabaki matupu, na mimi juu ya moja. Ndipo Mkuu akaniona.

"Mwalimu! Na wewe ulishikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na nani?"

Nikasimama, nikakitoa kijikaratasi, nikakinyanyua kama kanuni inavyosema. "Nilitoa jina langu mwenyewe."

Halafu makofi, yale yale niliyoyakimbia mwanzoni mwa muhula, na vicheko, na mtu akapaza sauti, "Bi Rula!" wakacheka zaidi. Hawakuwa na ubaya. Nikacheka na mimi, nikajikaza.

"Basi njoo, Mwalimu wetu," Mchungaji akasema, ananyoosha mkono kwa upole. "Njoo ushike popote."

Alikuwa mwema, sikatai. Lakini kila mtu mle ndani, mpaka yule mtoto wa mwisho kabisa, alikuwa na mahali pake, na kulikuwa na sababu ya kuwa pale na si pengine. Mimi niliyefundisha nusu yao na wazazi wa baadhi yao nilipewa popote. Nikatoka kwenye benchi, nikasimama katikati ya kanisa na mkoba wangu, nikitafuta pengo, na sikuona pengo lolote. Natamani kusema kwamba niliwaza jambo la kiroho. Niliwaza kile chumba cha nyuma na alama za magunia ukutani.

"Si popote."

Ilikuwa sauti ndogo, na ilipasuka katikati ya maneno yale. Kengele alikuwa ameachia mkono wa Mwalimu wa Muziki. Duara likawa limekatika.

"Unasemaje, mwanangu?" Mchungaji akauliza.

"Mwalimu ana mahali pake. Ni hapa." Alionyesha kati yake na Mwalimu wa Muziki. "Mimi nilikuwa nayaweka kwake. Yamefikaje mlango wa nyuma kama hakuyapeleka yeye? Maji yalipitia kwake. Kwa hiyo anakuja hapa, kisha ndiyo Mwalimu wa Muziki."

Mtoto ambaye hawezi kutofautisha theluthi na robo. Mwalimu wa Muziki alinitazama, akatazama sketi yangu kana kwamba bado imelowa, akafunika mdomo. "Mama," akasema tu. Kisha akanyoosha mkono wake.

Nikaenda. Upande mmoja nilishika mkono laini wa kinanda, upande wa pili kiganja kidogo chenye sugu la mshikio wa ndoo. Nilijua vizuri sugu lile, maana na mimi nilikuwa nalo. Mkuu akaanzisha wimbo wa kufungia, na kanisa lote likaingia.

Katikati ya ubeti wa kwanza Kengele akanivuta mkono. "Mwalimu. Kwa nini hukuniambia kwamba nakosea mlango?"

"Imba," nikamwambia.

Akaimba mstari mmoja. Akanivuta tena. "Ungeniambia tu. Ningepeleka mwenyewe, usingepata taabu."

Ile sababu yangu nzuri, ya aibu yake na ugeni wake, ilikuwa tayari mdomoni. Niliitazama nikaona haina kazi tena. Kesho ningepanda gari na saa yangu ya ukutani.

"Ungeacha kuja," nikasema.

Aliendelea kuimba, akafika kwenye sauti ya juu, ikapasuka kama kawaida yake, na hakuniachia mkono.